Maalim, serikali tatu zitatupa sauti?

SWALI: Assalaam alaykum, Maalim. Barazani kwetu hapa Wete tulibishana mpaka adhana ya Isha. Wenzangu wanasema tukipata serikali tatu (ya Muungano, ya Tanganyika na ya Zanzibar), yaani shirikisho, Zanzibar itakuwa na sauti serikali ya juu. Mimi nikawauliza: mbona katika SMZ, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, mshindi na anayemfuatia wanatakiwa wakae pamoja bila ya shirikisho, na Muungano hakuna hayo? Nani kati yetu yuko sawa? (Kijana wa Wete)

JAWABU: Waalaykum salaam, mwanangu. Wewe ndiye uliyekaribia. Shirikisho linagawa kazi: lipi la juu, lipi letu. Nani aingie serikalini ni kanuni nyengine kabisa.

Hii ya kwetu, ya mshindi na anayemfuatia kukaa serikali moja, tuliipigia kura ya maoni tarehe 31 Julai 2010, asilimia 66.4 wakasema ndiyo. Ndipo katiba ya Zanzibar ikataka Makamu wa Kwanza atoke chama kilichoshika nafasi ya pili. Kilichotufikisha pale ni uchovu wa ugomvi wa vyama. Kabla ya hapo nilikwenda khitma moja hapo Pemba, nikakuta masufuria mawili ya wali. Watu wa chama hiki chini ya mwembe, wa chama kile nyuma ya nyumba, na marehemu ni mmoja, mama yao wote. Sijasahau mpaka leo.

Sasa Muungano. Mpaka 1995 Rais wa Zanzibar alikuwa kwa cheo chake Makamu wa Rais wa Muungano. Vyama vingi viliporudi 1992, ikaonekana Zanzibar yaweza kumchagua mtu wa chama chengine, akawa makamu wa mpinzani wake. Ukaja utaratibu wa mgombea mwenza: rais akitoka upande mmoja, makamu atoke wa pili. Rais wetu akabakishiwa kiti katika Baraza la Mawaziri la Muungano. Kwa maoni yangu tulipoteza kikubwa, maana mgombea mwenza huteuliwa na chama chake, wala Wazanzibari peke yao hawana kura ya kumkataa.

Nigeria ni shirikisho, lakini kilichowapa majimbo sauti ni sharti la kura: rais apate angalau robo ya kura katika kila moja ya majimbo yasiyopungua thuluthi mbili ya majimbo yote. Kwetu, katika Muungano, anatosha mwenye kura nyingi kuliko wenzake. Sensa ya 2022 ilituhesabu Wazanzibari milioni 1.9 kati ya watu milioni 61.7 wa Tanzania nzima. Mtu anaweza kuapishwa Rais wa Muungano bila ya kura hata moja ya Pemba, na zikiwapo serikali tatu kwa kanuni hiihii, ataapishwa vilevile.

Tume ya Jaji Warioba, iliyokusanya maoni ya katiba mpya ya Muungano, ilipopendekeza serikali tatu mwaka 2013, mabaraza yote niliyokaa yaliishia kuhesabu serikali, mbili au tatu. Jioni mkikutana tena, waulize wenzako: rais wa juu atakiwe apate kura kiasi gani Unguja na Pemba ndipo aapishwe? Mimi nasema robo.