Utamaduni wa wodi uangalie zamu inapobadilika

Ukitaka kujua hospitali fulani watu wanafanyaje kazi, achana na bango la dira na dhamira pale mapokezi. Nenda wodini zamu inapobadilika, usimame pembeni usikilize. Kama ripoti inatolewa mezani, wagonjwa ishirini wanamalizwa kwa "wote wanaendelea vizuri" na anayeondoka ameshashika mkoba, umepata jibu. Semina ya huduma kwa mteja haitatibu hilo.

Makabidhiano yafanyike kitandani, anayetoka na anayeingia wakiwa pamoja, faili likiwa wazi. Anzeni na mahututi, si kitanda namba moja. Kwa kila mgonjwa semeni mambo manne: ni nani na anaumwa nini, kimetokea nini zamu hii, hali yake sasa kwa namba, na kinachosubiriwa, saa ngapi, kwa nani. Hilo la nne ndilo huangukia njiani, na ndilo huleta maafa.

Chukua mama mwenye kifafa cha mimba aliyeanzishiwa magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege, ya kuchoma kwenye msuli. Dozi ya kuendeleza ni gramu 5 kila baada ya saa 4, tako hili kisha lile. Kabla ya kila dozi hakikisha anapumua angalau mara 16 kwa dakika, goti linaitika likigongwa, na mkojo haujashuka chini ya mililita 30 kwa saa. Kimoja kikikosekana, dozi inasimama na daktari anaitwa. Kalsiamu glukoneti gramu 1, dawa ya kukabili magnesiamu ikizidi mwilini, iwe jirani na kitanda, si stoo. Sasa ripoti ikisema tu "huyu yuko kwenye magnesiamu", anayeingia hajui dozi ya mwisho ilichomwa lini, tako lipi, wala kama mfuko wa mkojo ulimwagwa bila kupimwa. Ama atarudia dozi, ama ataiacha ipite. Kwa hiyo anayepokea arudie kwa kinywa chake: "Ya mwisho saa kumi na mbili jioni, tako la kulia. Inayofuata saa nne usiku, la kushoto. Mkojo wa saa nne zilizopita ni mililita 200." Mwanzoni wakongwe huona kama wanapimwa akili. Inchaji, yaani muuguzi msimamizi wa wodi, akiwa wa kwanza kurudia, hata anapopokea ripoti kwa muuguzi aliyeajiriwa juzi, ubishi huo huisha wenyewe.

Wodi nyingi hushindwa hapa kwa sababu ya ratiba, si tabia. Zamu moja ikiisha dakika ileile nyingine inapoanza, anayetoka anakabidhi kwa muda wake mwenyewe huku daladala ikimsubiri. Zamu zipishane kwa dakika 30. Ratiba ya mwezi nayo ibandikwe angalau wiki moja kabla, usiku ugawanywe sawa, na mabadiliko yaandikwe palepale kila mtu ayaone. Kumpangia usiku mtu yuleyule kwa kuwa hana wa kumsemea huua ari haraka kuliko posho iliyochelewa.

Sasa tuje kwenye makosa. Dawa ikikosewa, ofisi nyingi huuliza kwanza "nani?", kisha hutaka barua ya kujieleza. Barua hiyo huifundisha wodi nzima kuficha kosa lijalo. Anzeni kwa kutenganisha: kuna kuteleza, kuna njia ya mkato iliyozoeleka, na kuna kudharau utaratibu kwa makusudi. La tatu peke yake ndilo la nidhamu. La pili linadai mjue kwa nini mkato ni rahisi kuliko njia sahihi. Mara nyingi kifaa kiko mbali au kimekwisha.

La kwanza linahitaji mkarabati mazingira. Ampuli ya potasiamu kloraidi ikikaa trei moja na maji ya sindano, ipo siku, saa tisa usiku, taa hafifu, mtu atazichanganya. Potasiamu ikisukumwa moja kwa moja mshipani husimamisha moyo. Kumsimamisha kazi muuguzi hakuiondoi ampuli ile kwenye trei. Potasiamu ihamie famasi, au kabati lenye kufuli na lebo kubwa. Hospitali za Tanzania zinazotumia S tano, utaratibu wa kupanga mahali pa kazi (Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia) tayari zina nyenzo ya kazi hii, ila mara nyingi hugeuzwa usafi wa kuwapokea wakaguzi.

Fomu ya kuripoti iwe karatasi moja: nini, lini, wapi, na nini kingezuia. Jina si lazima. Pokeeni pia makosa yaliyonaswa kabla hayajamfikia mgonjwa, maana hayo watu huyasema bila hofu. Mtu mmoja anayejulikana afungue sanduku kila Jumatatu, na kabla ya Ijumaa kibandikwe kilichobadilishwa. Sanduku ambalo ufunguo wake uko kwa mganga mfawidhi halipati kitu zaidi ya vumbi.

Chumba cha upasuaji kina orodha ya usalama ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2008, vipengele 19, vituo vitatu: kabla ya usingizi, kabla ya kukata, kabla ya mgonjwa kutoka. Ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, Ifakara ikiwemo, na kwa jumla vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Isomwe kwa sauti, kila mtu ataje jina na kazi yake. Aliyekwisha kusikika mara moja ni rahisi kusema tena akiona damu haijaandaliwa. Ikiwekewa alama za vema zote kwa mpigo baada ya upasuaji, kama inavyofanyika sana, ni karatasi tu.

Miezi ya mwanzo idadi ya ripoti za makosa itapanda. Makosa yale yalikuwepo, ila hayakuandikwa. Waelezeni mapema wasimamizi wa afya wa halmashauri, kabla hawajaiona takwimu na kuwaandikia ninyi barua ya kujieleza.