Shangazi, mbona nimemsahau lakini silali?

"Shangazi, shikamoo. Nina miaka 29. Mchumba wangu wa miaka minne aliniacha Februari. Nimeshawaambia wote, kazini, nyumbani, mpaka kwa kinyozi, kwamba simpendi tena. Lakini usiku nasoma meseji zetu za zamani hadi saa nane. Rafiki yangu anataka tukamwone mganga ili binti arudi. Nifanyeje?"

Marahaba, mwanangu. Hapo kwa kinyozi ndipo ulipojiumbua.

Roma ya kale ilikuwa na mshairi aitwaye Ovid. Kwanza alitunga shairi la kufundisha watu kutongoza, kisha akatunga Remedia Amoris, yaani dawa za mapenzi, kwa ajili ya walionasa. Humo anasema kwamba mtu anayewaambia watu wengi mno "sipendi", huyo bado anapenda. Miaka 2,000 kabla hujazaliwa, alishakuona umekalia kile kiti!

Basi acha kutangaza. Yeye anaona moto wa penzi ukizimika polepole ndio huzimika kweli, kuliko ule unaomwagiwa maji kwa kishindo.

Meseji ndizo zinazokumaliza. Ovid anakataza kabisa kurudia kusoma barua za mpenzi. Anasema hata mtu mwenye moyo mgumu zitamyumbisha. Zitie zote motoni, anasema, hata kama hutaki. Wewe huna karatasi za kuchoma, una kitufe cha kufuta. Najua leo hutaweza. Anza kwa kuiacha simu sebuleni ikifika saa tatu usiku. Na usilale peke yako nyumba nzima kama unaye ndugu wa kukaa naye, maana usiku, asema mzee huyo, una majonzi kuliko mchana kwa kuwa marafiki hawapo.

Kuhusu mganga, Ovid anamtaja Circe, mchawi wa hadithi za Wagiriki, aliyekuwa na kila aina ya dawa na bado akashindwa kumzuia mpenzi wake Ulysses, shujaa wa hadithi hizo, asitweke tanga. Nami naongeza langu: huyo binti namba yako anayo. Angetaka kurudi angepiga. Hela ya mganga nunulia miche, kwani mshairi anawapeleka wagonjwa wake shamba, wakalime na kupandikiza matawi ya miti, akiamini ukiondoa uvivu, upinde wa Cupid, mungu wa mapenzi wa Warumi, huishiwa nguvu.

Sehemu moja simfuati. Anashauri umhesabie mwanamke kasoro, hata umvizie asubuhi kabla hajajipamba, ili umchoke. Hapana, mwanangu. Hukukaa miaka minne na kituko, na ukimchafua yeye leo, kesho utaanza kujiuliza akili zako zilikuwa wapi.

Ukirudi kunyoa, kinyozi akiuliza habari zake, zungumzeni mpira.