Soma namba ya kosa kabla hujagusa ruhusa

Usiku ule nilikuwa Morogoro, kwenye stoo ya duka la vipuri vya magari, nimekalia katoni la vichujio vya oili. Duka mama liko Kariakoo, seva yenye kanzidata ya MySQL iko hukohuko, na kazi yangu ilikuwa tawi liamke likiuza kwa stoku moja na Dar. Kompyuta ya tawi ilinijibu kitu kimoja tu: `ERROR 2003 (HY000): Can't connect to MySQL server`, na mwishoni 111 kwenye mabano.

Saa tano usiku akili imeshachoka. Nikajiambia hii ni ruhusa tu. Nikaingia kwenye seva kwa SSH, njia salama ya kuiongoza mashine ukiwa mbali, nikaandika `GRANT ALL PRIVILEGES ON *.* TO 'tawi'@'%'`, yaani mtumiaji 'tawi' apewe ruhusa zote, kokote anakotokea. Kosa lilelile. Nikaongeza `FLUSH PRIVILEGES`, amri ya kusoma ruhusa upya, ile tunayoiweka mwishoni kama amina, ingawa baada ya GRANT haina kazi yoyote. Kosa lilelile. Ilipita saa nzima ndipo nikafungua faili la mipangilio, nikakuta `bind-address = 127.0.0.1`. MySQL ilikuwa inawasikiliza wa ndani ya seva peke yao. Wa nje angekuwa na ruhusa zote duniani asingefika. Nikabadilisha mstari mmoja, nikawasha upya, ikakubali, nikaenda kulala.

Ile GRANT nikaiacha palepale.

Miezi mitatu baadaye kijana wa tawi alitaka kutengeneza ripoti. Nywila ilikuwa wazi kwenye faili la programu, akaichukua. Akidhani yuko kwenye nakala ya majaribio, akatoa TRUNCATE, amri inayofuta data yote ya jedwali, kwenye jedwali la mauzo. Tulirudisha nakala ya usiku uliotangulia, halafu mauzo ya siku nzima tukayaingiza upya kutoka kwenye risiti za karatasi, mimi nasoma, dada wa kaunta anachapa. Kijana sikumlaumu. Mlango niliuacha wazi mimi.

Siku hizi naanza na namba. Ukikaa unasubiri mpaka muda unaisha, 110, mara nyingi fayawoli imekumeza kimya. Kagua ufw, fayawoli ya seva yenyewe, na kama seva ni ya kukodi, kagua pia sheria za mtandao kwenye tovuti ya mwenye seva. 111 ni kukataliwa papo hapo: mashine umeifikia, lakini kwa kawaida kwenye poti ya MySQL, mlango wake namba 3306, hakuna anayesikiliza. Hapo `ss -tlnp` kwenye seva itakuonyesha 3306 inasikiliza kwenye anwani gani. Namba hizi mbili hazihusiani na GRANT hata kidogo. Ukiona 1130 au 1045, furahi, umefika kwa MySQL yenyewe: 1130 inasema hakuna akaunti inayoruhusiwa kutoka anwani yako, 1045 inasema jina, nywila au anwani havikulingana. Soma ile anwani iliyoandikwa ndani ya ujumbe, ndiyo seva inayoiona. Ukiwa kwenye bando la simu, kesho inaweza kuwa nyingine.

Na jaribu kutoka kwenye mashine itakayotumika. Kujaribu juu ya seva kwa `-h localhost` hakuthibitishi chochote, maana kwenye Linux neno hilo linapitia soketi, njia ya mawasiliano ya ndani ya mashine, mtandao hauguswi. Liliwahi kunichekesha siku nyingine: nilikuwa nimefungua handaki la SSH, linalopitisha poti 3307 ya laptopu hadi MySQL ya seva, `ssh -L 3307:127.0.0.1:3306`, nikaandika localhost, kumbe naongea na MySQL ya laptopu yangu mwenyewe. Andika 127.0.0.1. Handaki lenyewe nalipendekeza. Poti 3306 kuwa wazi kwa intaneti nzima ni kuwaita wanaobahatisha nywila usiku na mchana.

Ruhusa sasa. Kila kazi akaunti yake. Ya tawi nimeipa SELECT (kusoma) kwenye bidhaa, SELECT na INSERT (kuongeza) kwenye mauzo, na kwa kuwa stoku lazima ipungue, `UPDATE (idadi)`, yaani kubadilisha idadi, kwenye bidhaa, safu hiyo moja tu, bei hawaigusi. Ya ripoti ina SELECT peke yake. Kumbuka MySQL inahesabu 'tawi'@'localhost' na 'tawi'@'%' kuwa watu wawili; ukichanganyikiwa, `SELECT CURRENT_USER();` itakuambia umeingia kama nani. Kitu kingine kilichonikamata: niliponyang'anya zile ruhusa za `*.*`, programu iliyokuwa imeunganika tangu asubuhi iliendelea kuzitumia. Ruhusa za jumla hubadilika kwa anayeunganika upya, kwa hiyo miunganisho ya zamani nikaikata kwa KILL.

Halafu jaribu kile kinachotakiwa kukataliwa. Kuona ripoti inafunguka hakutoshi.

Niliporudi Morogoro nilimwita yule kijana, nikamwambia aandike TRUNCATE ileile, kwenye jedwali lilelile. Nakala nilikuwa nimeshachukua dakika tano kabla, ujasiri wa bila nakala sina. Alinitazama mara mbili ndipo akabonyeza. Ikaja `ERROR 1142 (42000): DROP command denied to user 'tawi'`. Akauliza mbona inasema DROP wakati yeye kaandika TRUNCATE. Nikamwambia kwa MySQL, anayetaka kumwaga jedwali lazima awe na ruhusa ya kulifuta kabisa.