Kuponi ndiyo "nipunguzie" ya Mmarekani

Mleta mada kauliza: ana miezi minne tangu afike Texas, ana mtoto wa miezi saba, na kila akifungua simu anakutana na video za akina mama wanatoka dukani na toroli limejaa sabuni, wakidai wamelipa dola tano tu kwa sababu ya kuponi, vile vikaratasi vya kupunguziwa bei. Anataka kujua kama ni kweli na aanzie wapi. Waliotangulia kujibu, nusu wamesema ni utapeli, nusu wamesema apakue kila programu iliyopo. Mdogo wangu, ngoja nikae vizuri, maana mimi hili nimelifanya miaka tisa hapa Houston, na ada ya ujinga nimeilipa mpaka nikahitimu.

Ni kweli. Ila siku nyingine ukiiona ile video, isimamishe uangalie toroli lenyewe. Utaona sabuni ya kufulia, shampuu, dawa ya meno, dawa ya kwapa, karatasi za chooni, kornfleksi. Umeona kitunguu? Mchele? Nyama ya kupika na ndizi? Hutaona, na ukishajua kwa nini huvioni, umeshaelewa zaidi ya nusu ya mambo.

Nikuambie kwa lugha ya nyumbani. Kwa Mangi huendi kubishana bei ya sukari robo, faida yake pale ni kiduchu na wote mnajua. Lakini ukiingia Kariakoo kutafuta kitenge, ukitajiwa elfu arobaini unajua hapo pana nafasi, unaanzia ishirini. Kuponi ni hiyo hiyo "nipunguzie kaka", ila Mmarekani kaihamishia kwenye karatasi kwa sababu mashine ya kaunta haibembelezeki. Kampuni ya sabuni inajua kuna mtu ambaye dola kumi na tatu kwake si kitu, na kuna wewe ambaye ukiona kumi na tatu unapita zako. Wewe haitaki kukukosa, na yule haitaki kumpunguzia bure. Basi inakuwekea usumbufu kidogo: kata, bofya, kumbuka tarehe, usikosee ukubwa wa chupa. Anayekubali usumbufu anauziwa kumi. Kwa hiyo kuponi utaikuta penye faida nene na jina la kampuni. Kitunguu hakina jina, nani akukatie kuponi?

Ndiyo maana mtu anayekwambia kuponi zitakupunguzia nusu ya matumizi ya nyumba, muulize kwanza anakula nini. Sisi wa ugali, wali, maharage, mchicha na kuku, chakula chetu kuponi haikijui. Chakula utaokoa kwa njia nyingine: mchele wa gunia kwenye maduka ya Wahindi, nyama kwa wachinjaji wa halali ukinunua nyingi, na duka la Aldi kwa maziwa, mayai na mafuta. Maduka ya Aldi na Costco hawapokei kuponi za viwandani kabisa, usijisumbue kuzibeba.

Lakini kuna jambo linalokuhusu wewe hasa mwenye mtoto mdogo. Kama familia inapata ile kadi ya msaada wa chakula, SNAP, kadi ile hainunui sabuni, hainunui pampasi, hainunui karatasi za chooni. Hivyo vyote ni hela taslimu kutoka mfukoni. Na hivyo ndivyo vyenye kuponi. Mimi nilipoligundua hili niliacha kukimbizana na kuponi za biskuti na juisi, nikabaki na vitu vya bafuni, vya kufulia na vya mtoto tu. Hapo ndipo nilipoanza kuona tofauti mwisho wa mwezi. (Halafu hapa Texas tangu Septemba 2023 pampasi hazitozwi kodi ya mauzo. Angalia risiti yako.)

Sasa namna zinavyofanya kazi. Kuna kuponi ya kiwanda na kuponi ya duka. Ya kiwanda imeandikwa juu kabisa "Manufacturer Coupon". Hiyo unaipeleka duka lolote linalopokea, na duka likishakupunguzia linairudisha kiwandani, linalipwa thamani yake pamoja na senti chache za usumbufu, mara nyingi nane. Nakwambia hili ili uache aibu. Mimi mwanzoni nilikuwa natoa kale kakaratasi kama naomba sadaka, kumbe keshia hapungukiwi hata senti. Ya duka ni ya duka lenyewe, wanaipunguza kwenye faida yao. Na kwa kuwa walipaji ni wawili tofauti, maduka mengi, Target na CVS yakiwemo, yanakuruhusu kutumia zote mbili kwenye kitu kimoja: moja ya kiwanda, moja ya duka. Mbili za kiwanda kwenye chupa moja hapana. Hapo kwenye kubebanisha, na kitu chenyewe wiki hiyo kiwe kimeshushwa bei, ndipo zinapotokea zile bei za kuchekesha za kwenye video. Kuponi peke yake kwenye bei ya kawaida mara nyingi inakufikisha pale ambapo sabuni ya chapa ya duka, ile yenye jina la duka lenyewe, ilikuwa imekaa siku zote, kimya, rafu ya chini.

Nikupe mfano wa risiti yangu moja, kodi nimeiacha pembeni. Maduka ya dawa ya huku usiyafikirie kama famasi ya nyumbani, yanauza mpaka sufuria. CVS walikuwa na ofa: nunua vitu vya dola 30 vya kampuni fulani, upate 10 za kutumia safari ijayo. Nilichukua sabuni ya kufulia chupa mbili kwa 6.50, pampasi pakiti moja kwa 12, dawa ya meno mbili kwa 3.25. Jumla 31.50. Kuponi za kiwanda: dola mbili kila chupa ya sabuni, mbili kwenye pampasi, moja kila dawa ya meno. Zikatoka nane, ikabaki 23.50. Nilikuwa na dola tano za zawadi nilizopata wiki ya nyuma kwa ofa ya namna hiyo hiyo, nikazitoa, nikalipa 18.50. Chini ya risiti zikatoka zile kumi.

Nilifika nyumbani natamba: "Baba Salma, vyote hivi dola nane na nusu!" Yaani 18.50 toa 10.

Uongo mtupu, na zile video nyingi zimejaa uongo wa namna hiyo hiyo. Zile tano za wiki ya nyuma nilishazihesabu kama ushindi wiki ya nyuma. Siwezi kuzihesabu tena wiki hii. Bei yenyewe ni 23.50 toa 10, dola 13.50. Na hizo kumi ni zako kama tu utarudi kabla hazijaisha muda, na ukanunue kitu ambacho ungekinunua hata bila zawadi. Ukizitumia kwa pipi na mishumaa yenye harufu, umelipa 23.50, kubali yaishe. Vitu hivyo hivyo vya chapa ya duka nilipiga hesabu ningelipa kama dola 19. Kwa hiyo usumbufu wote ule ulinipa dola tano na nusu. Ilikuwa kama saa moja ya kukata na kupanga, na kazini wakati huo nalipwa 11 kwa saa. Mtu atasema si bora angefanya kazi. Sawa, ila saa tatu usiku mtoto amelala miguuni, hiyo saa nani anainunua?

Aibu ya kaunta nayo uijue mapema. Mwaka wangu wa kwanza nilikwenda duka moja hivi, jina tuliache, nina kuponi sita za dawa ya meno. Nyuma yangu foleni ya watu watano, Jumamosi jioni. Keshia, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, akapitisha ya kwanza, mashine ikalia vizuri. Ya pili, ya tatu, ya nne. Ya tano ikatoa ule mlio mwingine. Akaigeuza, akaisogeza karibu na macho, akanisomea maandishi madogo taratibu kama anamsomea mtoto: mwisho nne zinazofanana kwa manunuzi mamoja. Akamwita msimamizi. Msimamizi kufika, akasema na zile nne hazipokei kwa kuwa nimezichapa nyumbani kutoka intaneti. Kijana wa nyuma yangu akavuta pumzi ile ya kusikika. Nikaacha kila kitu pale pale, nikatoka na mwanangu kiunoni, nikalia ndani ya gari.

Usiku nikafungua tovuti ya duka lile lile. Sera yao ya kuponi imeandikwa waziwazi: za kuchapa nyumbani wanapokea. Wiki iliyofuata nikarudi na sera nimeichapa, nimeipigia mstari, nimeikunja kwenye pochi. Nilimpa msimamizi akasoma, akaguna, akapitisha. Tangu siku hiyo siendi duka jipya bila kusoma sera yao, na siendi Jumamosi. Nenda asubuhi siku ya kazi, keshia hana haraka, na nyuma yako hakuna wa kukuvutia pumzi. Na soma kuponi maneno, picha achana nayo. Picha huwa wanaweka chupa kubwa ya gharama, maneno yanasema aunsi ngapi na harufu ipi. Ninachopenda zaidi ni yale ya chini kabisa, kwamba thamani ya kuponi kwa hela taslimu ni moja ya mia ya senti. Kuponi elfu kumi uzipeleke wakupe dola moja!

Haya, ugonjwa wenyewe sasa. Kuna siku nilipata haradali bure kabisa. Kuponi ilikuwa ya senti hamsini na chupa imeshushwa mpaka senti hamsini. Nikanunua magazeti ya Jumapili kadhaa kwa ajili ya kuponi zile tu, nikaenda maduka mawili, nikarudi na chupa kumi na nne. Mume wangu akasimama mlango wa jikoni, akaziangalia zilivyopangwa, akaniuliza, "Mama Salma, leseni ya biashara umekata lini?" Nyumba yetu nzima hakuna anayekula haradali. Mimi mwenyewe harufu yake inanikereketa. Lakini nilikuwa nimeshaiona bei ya sifuri, na bei ya sifuri ina kichaa chake. Magazeti nimelipa, petroli nimelipa, kabati limejaa, sukari imekosa pa kukaa. Zilikwisha muda wake, nikazimwaga.

Dawa yake kwangu ilikuwa daftari. La shule la kawaida, lenye ukurasa mmoja kwa kila kitu tunachotumia, vitu kama ishirini tu. Kila nikinunua au nikipita dukani naandika tarehe, duka na bei, na bei naigawa kwa aunsi au kwa pampasi moja moja, kwa sababu pakiti zao wanapenda kuzipunguza na boksi likabaki vilevile. Baada ya miezi mitatu daftari likaanza kusema. Nikaona sabuni ya kufulia inashuka kila baada ya wiki kadhaa halafu inapanda tena. Nikajua kwa pampasi, senti kumi na nane kwa moja ni bei ya kununua pakiti nne, ishirini na nane ni bei ya kununua moja ya kuvukia wiki. Hizo ni za wakati wangu, za kwako utaziandika mwenyewe. Bila kuijua bei, kuponi ni sawa na kuingia Kariakoo hujui kitenge kinauzwaje: utapunguziwa kumi na utatoka umepigwa.

Pampasi nazo usizirundike za saizi moja. Mtoto wa miezi saba anakua wakati wewe unashangilia ofa. Mimi nilibaki na pakiti tatu za saizi mbili, nikamgawia jirani Mkongomani aliyejifungua.

Tahadhari moja tu nzito. Utakuta magrupu ya Facebook na Telegram wanauza kuponi za "kitu bure", dola ishirini unapata bunda. Kimbia. Mwaka 2021 mama mmoja wa Virginia Beach alihukumiwa miaka 12 jela kwa kutengeneza kuponi bandia na kuwauzia watu mtandaoni, hasara ikapita dola milioni 31. Na sisi tulio hapa kwa makaratasi, kesi ya udanganyifu si ya kuchezea.

Kwenye programu, aliyekwambia upakue zote anataka uchanganyikiwe. Chukua ya duka moja unalopita kila siku, na Ibotta ya kurudishiwa hela baada ya kununua. Basi. Kama duka lako ni H-E-B, hata programu si lazima uianze leo: zile kuponi za njano zimebandikwa kwenye rafu, unachana unaondoka nayo, nunua hiki upewe na kile. Maduka ya Kroger wana pointi za petroli, dola 100 za manunuzi zinakupa senti 10 pungufu kwa kila galoni. Kwa tangi la galoni 15 ni dola moja na nusu, chukua lakini usibadilishe duka kwa ajili yake.

Na hiyo sabuni uliyobandika picha yake ukauliza kama 12.99 ni bei nzuri: kama ya kufulia bado unayo ya wiki mbili, iache. Iandike kwenye daftari, ukurasa wa kwanza.