Hasara milioni 80, bima inalipa 48: wakili ashike wapi?

Swali: Shikamoo, wakili. Nimeapishwa juzijuzi, nafanya kazi Tanga mjini, na ndoto yangu ni kubobea katika mashauri makubwa ya bima na biashara. Mteja wangu anauza mkonge. Ghala lake limeungua na hasara ni shilingi milioni 80. Alikata bima ya milioni 120, lakini kampuni inataka kumlipa milioni 48. Hii si dhuluma? Nianzie wapi?

Jibu: Marahaba, msomi mwenzangu. Kwanza mwambie mteja asisaini karatasi yoyote inayosema amepokea malipo kamili na ya mwisho. Watu huuzia haki zao hapo, kwa sababu moto umewaacha hawana kitu. Akizihitaji hizo 48, azipokee kwa barua inayosema wazi kuwa bado anadai salio.

Sasa hesabu. Soma masharti ya bima hadi ukute kipengele cha uwiano: mali ikikatiwa bima chini ya thamani yake, mwenyewe anabeba sehemu ya hasara. Bila shaka mtathmini wao amesema ghalani mlikuwa na mkonge wa milioni 200. Bima ya 120 ni asilimia 60 ya 200, na asilimia 60 ya 80 ni 48. Kipengele hicho ni halali, usipoteze muda kukilaani mbele ya jaji.

Ugomvi wako uko kwenye ile 200. Ukithibitisha kwamba siku ya moto thamani ilikuwa 150, fidia inapanda hadi 64. Kama haikuzidi 120, analipwa 80 zote. Kwa hiyo nenda ghalani mwenyewe. Hesabu marobota yaliyosalia, taka daftari la kuingiza na kutoa mzigo, karatasi za mizani na ankara za karibuni. Ulizia madaraja ya singa, yaani nyuzi za mkonge, maana bei zake hazilingani. Ulizia pia kama kulikuwa na marobota ya watu wengine waliohifadhi tu; mtathmini huenda ameyajumlisha yote.

Halafu fomu ya maombi ya bima: nani aliijaza, na thamani gani iliandikwa? Tangu hukumu ya jaji wa Uingereza, Lord Mansfield, katika kesi ya Carter v Boehm, mwaka 1766, anayekata bima anatakiwa kueleza mambo ya msingi anayoyajua. Mteja akibanwa kwamba alificha, kampuni inaweza kukataa hata hizo 48. Jua jibu lake kabla hujafungua kesi.

Angalia pia kama mkataba unataka usuluhishi kwanza, na ukumbuke kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Ukomo wa madai ya mkataba ni miaka 6, ila muda wa kutoa taarifa ndani ya bima huwa mfupi sana.

Kuhusu ndoto yako, jifunze kusoma vitabu vya hesabu kama mhasibu. Divisheni ya Biashara ya Mahakama Kuu ipo tangu 1999 na hukumu zake zinapatikana TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania. Zisome ukitazama mashahidi wa thamani walivyoulizwa maswali. Na ripoti ya mtathmini iombe leo, kwa maandishi.