Barazani kwa Bi Mwalimu: Msichana wa nywele za singa

Asalaam aleikum Bi Mwalimu, shikamoo. Mimi ni msichana wa Malindi, nina miaka 23. Babangu ni Mswahili ambaye wazee wake walitoka Hadhramaut, na mamangu ni Mgiriama aliyesilimu alipoolewa. Naandika hadithi fupi, na tatu nimekutumia pamoja na barua hii. Mtoto wa ami yangu alizisoma akaniambia niache kujiita mwandishi wa Kiswahili, eti Uswahili ni nasaba. Nilikasirika. Lakini nilipozirudia niliona jambo jingine: katika hadithi zote msichana mzuri ni mweupe mwenye nywele za singa, na Mgiriama ni mpishi. Mimi mwenyewe ni mweusi kama mamangu, ambaye huvunja nazi kwa mgongo wa panga huku akihesabu wadeni wake kwa Kigiriama, kisha huwataja mmoja mmoja kwa Kiswahili, kwa sauti, ili baba asikie. Je, nina haki ya kuandika kama Mswahili? Na Kigiriama nikiweke au nikiache?
*Mwenye Kalamu, Malindi*

Marahaba, mwanangu. Hadithi zako nimezisoma kwa usiku mmoja, na swali langu la kwanza ni hili: huyo msichana wako, nywele mpaka kiunoni, na ushungi, na buibui juu yake, ni nani aliyeziona? Umezitaja mara nne. Katika hadithi ya pili mvua inanyesha na bado hazijaloa.

Usidhani nakucheka peke yako. Nilipokuwa darasa la sita shule yetu iliigiza kisa cha Fumo Liyongo, shujaa na mshairi wa kale wa pwani. Mwalimu alitupanga mstari uani akatupitia mmoja mmoja kama mtu anayechagua samaki. Mwenzangu mmoja mweupe, ambaye sauti yake haikufika safu ya pili, akawa Mwana Mbwasho, mama wa shujaa. Mimi niliyezijua beti zote kwa moyo nikapewa Saada, mjakazi. Sikuambiwa sababu, na sikuhitaji kuambiwa. Mama wa bibi yangu alikuwa mzalia, yaani mtumwa aliyezaliwa utumwani; utumwa ulipopigwa marufuku pwani hii mwaka 1907 alikuwa tayari mtu mzima. Na Amu, yaani Lamu yetu hii, ni mji wa kukumbuka. Watu walijua nyumba ipi ilikuwa ya nani, na nani alikuwa wa nyumba hiyo.

Nilimchukia Saada wiki nzima. Kisha nikakaa kujifunza maneno yangu, nikakuta sina maneno. Kisa unakijua: katika utendi alioutunga Muhammad Kijumwa wa hapa Lamu mwaka 1913, Liyongo yumo kifungoni, na ujumbe wake unafika kwa mamake kupitia kwa Saada. Mama aoke mkate wa wishwa, yaani makapi ya nafaka, katikati atie tupa ya kukerezea chuma. Walinzi watakula vizuri vyote na kumwachia mfungwa wishwa lake. Na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Liyongo akaomba ngoma na siwa zipigwe, na katika kelele ile akakereza pingu zikakatika. Shujaa mzima, na nyimbo zake zote, walining'inia kwenye sinia la msichana mmoja anayetembea kwa miguu. Lakini Saada alikuwa wa wapi? Mamake alikuwa nani? Alipowapita walinzi na mkate ule, mikono ilimtetemeka? Hatuambiwi. Anatumwa, anakwenda, basi.

Siku ya mchezo nilijiongezea maneno. Nilifika mlango wa gereza, nikageukia watu, nikasema, "Na wakinishika mimi, nani atanitungia utendi?" Mwalimu alinifinya sikio nyuma ya pazia mpaka likawasha siku mbili. Ila wanawake wa mtaa wa Langoni waliokaa nyuma kabisa walipiga vigelegele, na mpaka leo wako wanaoniita Saada. Naitika.

Sasa rudi kwa mpishi wako. Katika hadithi ya tatu anaingia mara tatu, anaweka sahani, anatoka. Hana jina. Nawe unaye nyumbani mwanamke anayekusanya madeni kwa lugha mbili na panga mkononi! Sentensi ile ya nazi umeiweka kwenye barua, hukuiweka kwenye hadithi. Kwa nini? Nadhani uliandika barua ukiwa wewe, na hadithi ukiwa umevaa nguo ya kuazima. Nywele za singa tumezikuta kwenye nyimbo za harusi na kwenye sifa za mabibi wa zamani, tukadhani uzuri hauna njia nyingine ya kuingia chumbani. Sikwambii umgeuze msichana awe mweusi ti kesho asubuhi ili uniridhishe. Mwache mweupe ukitaka, hata mamangu mkubwa alikuwa mweupe na alikuwa na maneno makali kama pilipili. Mpe tu kitu cha kufanya zaidi ya kuwa na nywele.

Ama huyo mtoto wa ami yako na nasaba zake. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa mabaki ya watu 80 waliozikwa kati ya takriban mwaka 1250 na 1800, wengi katika miji ya kale ya pwani: Mtwapa, Faza, Kilwa, na Manda hapa ng'ambo, kisiwa zinakotua ndege. Wengi wa watu hao wa pwani, zaidi ya nusu ya asili yao ni ya Afrika, na imekuja hasa kupitia kwa mama. Upande wa baba kuna Uajemi kwa wingi, kuchanganyika kukianza karibu na mwaka 1000, na Uarabuni kunazidi kuonekana baadaye. Basi nasaba ya kujisifia anayo, ila asisahau ilizaliwa na nani. Mimi sikuhitaji mifupa. Ingia jikoni: sahani, sufuria na birika ni maneno yaliyokuja na jahazi kutoka Uarabuni. Kinu, mchi, chungu, mwiko na moto wenyewe vilikuwa vimeshawasubiri. Meza wakaileta Wareno. Nyumba ikakaa hivyo na chakula kikaiva.

Tena mwambie aulize wazee wa Malindi kuhusu enzi za Mwingereza. Serikali ile iligawa watu kuwa wenyeji na wasio wenyeji, na aliyeandikwa Mwarabu alipata nafuu ambazo mwenyeji hakuzipata. Watu walikimbilia kwenye karatasi ya Uarabu kwa sababu ya tumbo, na siwalaumu. Lakini wajukuu wasiisome karatasi ya kodi kana kwamba ni shajara ya ukoo.

Kigiriama kiweke. Mamako aseme *madzi*, bibi wa Amu aseme *mai*, mwanafunzi aseme *maji*. Msomaji wa pwani atawaelewa wote watatu. Usimfafanulie kila neno kama mtalii. Na nina sharti moja: kisiwe cha kuchekesha. Tumechoka na michezo ambamo anayezungumza Kigiriama ndiye wa kuanguka kutoka kwenye kiti. Niletee hadithi ya wadeni.

Bi Mwalimu, salaam. Nafundisha sekondari hapa Lamu. Tulipofika ubeti wa utendi wa Mwana Kupona unaomwonya bintiye asichanganyike na watumwa, mwanafunzi mmoja aliinama, wenzake wakamtazama. Kila mtu alijua kwa nini. Je, mwaka ujao niuruke?
*Mwalimu mwenzako*

Mwenzangu, usiuruke. "Sitangane na watumwa, ila mwida wa khuduma": wakati wa kazi tu. Utendi huo umeandikwa 1858 na mama mgonjwa anayemwachia binti yake, Mwana Hashima, kila alichonacho cha kumlinda. Ni utendi mzuri sana, nami ningeweza kuusoma mpaka asubuhi, na ubeti ule umo ndani yake kama mwiba kwenye samaki mtamu. Ukiuondoa darasani, yule mtoto atajua umeuondoa kwa ajili yake, na hapo ataona haya mara mbili.

Kosa lako, nisamehe, ni kuusoma ukapita. Simama pale pale. Waulize: kwa nini anasema *ila wakati wa kazi*? Nani alikuwa anampikia Mwana Kupona alipolala mgonjwa? Nani aliyembeba Mwana Hashima mgongoni? Kisha waambie waandike beti nne, binti wa jikoni akimjibu bibi, kwa bahari ile ile, mizani minane. Mimi nilifanya hivyo kabla sijastaafu. Binti mmoja wa mtaa wa Mkomani, wa nyumba kubwa, aliandika jibu kali kuliko wote, na yule niliyemhofia akaandika beti za mapenzi, hakugusa utumwa kabisa. Nilimpa alama zake zote. Hakuna aliyesema lazima awe shahidi wa jambo lile kila siku.

Waeleze pia kwamba mji huu ulijibishana na ubeti huo kwa vitendo. Habib Saleh, sharifu aliyetoka Ngazija, alifungua darsa zake hapa Langoni kwa watu ambao wakubwa wa mji hawakutaka kuwaona wakishika vyuo, yaani vitabu, wakiwemo wenye asili ya utumwa. Leo msikiti wake wa Riyadha hujaza mji wakati wa Maulidi, na hao hao waliokunja uso, vitukuu vyao wako safu ya mbele.

Bi Mwalimu, kwa ufupi: Abdulrazak Gurnah ameandika kwa Kiingereza maisha yake yote. Ni wetu au si wetu?
*Mbishani wa Shela*

Mmebishana gahawa ngapi? Mtu kazaliwa Unguja mwaka 1948, kapata Nobeli mwaka 2021, na riwaya yake ya 1994 sasa ipo kwa Kiswahili, *Peponi*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Inaanza na kijana Yusuf anayechukuliwa na tajiri kwa sababu ya deni la babake. Anawekwa rehani, hata kama hakuna anayemwambia hivyo. Bibi yangu angemfahamu kijana huyo kabla hujafungua ukurasa wa pili. Kisome, kisha mwendelee kubishana. Nakala yangu nilimwazima mtu kabla ya Ramadhani, na naona huyo mtu anapita njia ya pwani siku hizi ili asipite mbele ya baraza yangu.