Kumwaga oili ya giaboksi ya otomatiki mwenyewe

Ndugu yangu wa Uyole, Mbeya, umeuliza kama unaweza kubadili mwenyewe oili ya giaboksi ya otomatiki kwenye Toyota yako. Unaweza, ila usikurupuke.

Anza na aina ya oili. Soma kitabu cha gari au kijiti cha kupimia: kimeandika T-IV, nunua T-IV, kimeandika WS, nunua WS; hizo ni aina mbili tofauti za oili ya giaboksi za Toyota. Muuzaji akikwambia "zote ni ATF tu", yaani oili ya giaboksi ya otomatiki, ondoka dukani.

Egesha mahali tambarare, na kwa vilima vyetu hapo utatafuta kweli. Usiingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake; weka stendi. Hakikisha kwanza pa kujazia panafunguka, ndipo umwage. Kinga kwenye chombo chenye vipimo: zikitoka lita 3, rudisha 3. Nyingine hubaki kwenye toki konveta, kifaa kinachounganisha injini na giaboksi, usishtuke.

Washa gari, kanyaga breki, pitisha gia zote taratibu, kisha pima oili ikiwa ya moto. Iliyotoka ikinuka kuungua au ikiwa na vipande vya chuma, mwone fundi kabla hujafikiria kushuka mlima mkali wa Kitonga. Na tafadhali, oili chafu usiimwage mtaroni.